Injini Iliyokataa Kugonga

"Iliwaka mara ya kwanza tu, afande," alisema Sajini Tulga, na hiyo ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. "Nimezungusha ufunguo nusu, vruuu!"

Kapteni Norjmaa alikuwa amechoshwa na hiyo vruuu. Ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti ya sajini, ikasemwa kwenye simu ya mwendesha mashtaka, na sasa ilikuwa inasemwa tena ndani ya karakana ya fundi Jigmed, mbele ya furgoni la Kirusi lililokuwa na umri mkubwa kuliko sajini mwenyewe.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Siku nne nyuma furgoni hilo lilikutwa limesimama kwenye kipito cha mlima cha Khadat, na ndani yake mzee Zundui, mfunza farasi wa mbio, amekaa kitini, ameganda. Dereva Sodov alikuwa amemwacha humo, akaenda kwa miguu, akarudi baada ya muda wa saa tisa akiwa na wachungaji wawili na farasi watatu. Alisema injini ilikuwa imenoki, inagonga kama nyundo ndani, kwa hiyo aliizima akaenda kutafuta msaada. Polisi wakalivuta gari hadi wilayani, sajini akazungusha ufunguo, na gari likawaka. Tangu hapo Sodov alikuwa mahabusu na hakuna aliyemwamini.

Saa sabini na mbili za kumshikilia zingekwisha saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa saa nne na robo.

"Nisomee tena orodha ya vitu vilivyomo garini," alisema Norjmaa.

Sajini alifungua daftari. "Spana kumi na moja. Nyundo moja. Kibomba cha moto cha kupashia injini. Ndoo moja yenye oili kavukavu. Kichuma kilichopinda, chakavu, kimoja, takataka. Birika. Hadag ya buluu, kile kitambaa cha baraka, juu ya kioo, haikuguswa. Mkanda wa marehemu, haupo." Alifunga daftari. "Na mtuhumiwa alipoingia mahabusu alivua mkanda wake mwenyewe kabla hatujamwambia, afande. Mtu asiye na hatia hajui taratibu za lokapu."

"Umeliandika na hilo?"

"Nimelipigia mstari."

 Simu ya Norjmaa ikalia. Ilikuwa ya mwendesha mashtaka Erdembileg, aliyeletwa kutoka mji mkuu miezi mitatu nyuma na ambaye hadi leo alivaa viatu vyembamba vya ofisini kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri.

"Kapteni, mimi sioni tunachosubiri," alisema. "Nina mambo matatu. Moja, injini inawaka. Pili, maji ya rejeta yalikutwa yamemwagwa, maana yake mtu hakutaka gari litembee. Tatu, mkanda wa marehemu wenye vipande vya fedha umetoweka. Kaua, kaiba. Niletee jalada nisaini."

"Kila dereva wa huku humwaga maji akizima gari barabarani, bwana Erdembileg. Yakiganda yanapasua injini. Hata bibi yangu anajua hilo, na hakuwahi kuendesha kitu zaidi ya ngamia."

"Mjini hatumwagi."

"Mjini mna gereji zenye joto."

"Saa tisa, kapteni," alisema Erdembileg, akakata.

Fundi Jigmed alikuwa amekaa juu ya gurudumu, anakunywa chai ya maziwa yenye chumvi kana kwamba dunia nzima imempa likizo. Alikuwa mzee mkavu, kofia yake ya manyoya imeloa oili hadi ikang'aa, na mikono yake haikuwahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya nyeusi. Kabla ya kuzungumza lolote alikuwa ametoa kichupa chake cha ugoro, akampa Norjmaa anuse, akarudishiwa, akauliza kama mifugo ya baba yake inapita salama msimu huu. Norjmaa alijibu kwamba inapita salama. Akauliza na ya shangazi yake. Inapita salama. Dakika kumi na mbili zikaenda hivyo.

"Mzee wangu," alisema Norjmaa, "nataka kujua kitu kimoja. Injini hii ilinoki au haikunoki?"

"Tuiwashe tusikie."

"Sajini kaiwasha. Haigongi."

"Kaiwasha kwa muda gani?"

Norjmaa alimgeukia sajini. Sajini alitazama dari. "Kama dakika tatu hivi, afande. Ilikuwa baridi."

"Dakika tatu!" Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, injini baridi ina oili nzito. Oili nzito ni godoro. Chuma kikigonga juu ya godoro utasikia nini? Injini iliyochoka beringi huwa na adabu kama bibi harusi asubuhi. Isubiri ipate joto, oili iwe nyepesi kama maji, ndipo itakutukana."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika arobaini. Labda saa. Kwanza niipashe chini kwa moto, la sivyo haitazunguka."

"Mzee, nina saa nne na nusu!"

"Basi zinatosha. Haraka haraka haina baraka, binti yangu. Jimiminie chai nyingine."

Norjmaa alikuwa ameisikia methali hiyo tangu ana miaka mitatu, na kila aliyemwambia alikuwa mtu asiye na haraka yoyote. Alijimiminia chai kwa hasira, ikamchoma ulimi.

Jigmed alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha, akakitoa tena. "Nusu," alisema. "Oili nusu. Sodov huyu ninamjua, hajawahi kutembea na oili nusu. Ana makosa mengi lakini si hilo." Kisha akajaza rejeta maji ya moto, akalala chini ya gari na kile kibomba cha moto, na ule moto ukaanza kunguruma chini ya tumbo la injini.

Nyuma ya karakana palikuwa na chumba kidogo chenye jiko la chuma, na humo alikuwa amekaa Bibi Dulam, mjane wa Zundui. Hakuna aliyemwita. Alikuja kwa miguu yake tangu asubuhi, akasema hatoki mpaka aambiwe mkanda wa mume wake uko wapi.

"Unaufahamu vizuri huo mkanda, mama?" aliuliza Norjmaa.

"Nisiufahamu? Nimeutazama miaka thelathini na moja." Bibi Dulam alikuwa na sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani na hakusudii kulia mbele za watu. "Ngozi ya ng'ombe, nene, ya baba yake. Vipande saba vya fedha, kila kimoja na farasi wake, kimeshikwa kwa misumari mitatu midogo. Hakuuacha hata siku ya harusi ya binti yetu alipovaa suti. Mwanamume haondoki bila mkanda wake, kapteni. Bahati yake iko humo. Nimeletewa maiti ya mume wangu imefunguka joho kama mlevi wa sokoni! Nani aliyemvua?"

"Ndicho ninachotafuta."

"Na mikono yake! Nimemwosha kwa maji ya moto mara mbili, weusi wa oili umebaki kwenye kucha. Mume wangu hakuwa mtu wa injini. Huyo Sodov alimfanya nini huko njiani? Alimsukumisha gari, mtu mwenye nyonga mbovu?"

Norjmaa aliandika: oili, kucha. Daktari aliyepima maiti alikuwa ameandika "weusi wa vidole, baridi kali" na hakuandika zaidi. Kila mtu katika kesi hii aliona jambo moja, akaliita jina lingine, kisha akaenda kula.

"Sodov amesema nini kuhusu mkanda?" aliuliza Bibi Dulam.

"Hasemi. Ukimuuliza habari za injini anajibu maneno manne. Ukimuuliza habari za mkanda anatazama sakafu."

"Basi anajua ulipo."

Hilo Norjmaa alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza, na ndilo lililomkera kuliko yote. Alimuuliza Sodov kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamletea hata sigara. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mwenye watoto wanne, alikuwa tayari kufungwa miaka kumi na tano kuliko kufungua kinywa chake.

Injini iliwaka saa tano na dakika kumi. Iliwaka mara ya kwanza.

"Si nilisema?" alipiga kelele Sajini Tulga. "Vruuu!"

"Tulga, neno hilo nikilisikia tena leo utakwenda kuhesabu mbuzi mpakani."

Ilinguruma vizuri mno, na Norjmaa alitamani kuipiga teke. Katika gari la aina ile injini imekaa ndani, katikati ya viti viwili vya mbele, imefunikwa kifuniko tu. Jigmed aliondoa kifuniko, akakaa kiti cha dereva, Norjmaa akakaa kiti cha abiria, kile kile alichokutwa Zundui amekikalia. Geji ya oili ilisimama juu, na hakukuwa na mlio wowote wa kugonga. Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Gari zima lilitetemeka kama magari yale yanavyotetemeka: kioo kilitetemeka, mlango ukatetemeka, birika lililofungwa nyuma likacheza.

"Sasa?" aliuliza Norjmaa.

"Bado."

"Mzee, kama haitagonga, mtu huyu anafungwa."

"Mimi siwezi kuiamrisha, binti yangu. Siyo sajini."

Saa sita kasoro dakika tano, Norjmaa aliisikia. Tok. Ilikuwa ndogo, kama mtu aliyebisha mlango halafu akaona haya. Jigmed aliinua kidole. Tok. Tok. Sindano ya geji ilianza kushuka polepole, na kadiri ilivyoshuka mlio ule ukaongezeka, hadi ukawa nyundo halisi ndani ya chuma, tok-tok-tok-tok, na Sajini Tulga aliyesimama nje akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya, imeanza kutukana," alisema Jigmed kwa furaha. Alichukua fimbo ndefu ya mti, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha akavaa glavu ya mpira, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikachechemea, lakini mlio ulibaki. Akaurudisha. Akachomoa wa pili.

Mlio ukanyamaza. Haukuisha kabisa, ila ulififia, ukawa mnong'ono. Akaurudisha waya, nyundo ikarudi. Akajaribu wa tatu na wa nne, na nyundo haikujali.

"Silinda ya pili," alisema. "Ukiinyima cheche, pistoni haisukumwi, konrodi, mkono wa chuma unaoibeba, haipati mzigo, haigongi. Beringi ya konrodi ya pili imekwisha. Wala haikuisha jana. Hii ilikuwa inakwisha tangu msimu wa joto."

"Kwa hiyo ilinoki kweli."

"Ilinoki. Angeiacha iendelee kunguruma ili mzee wa watu apate joto, ndani ya robo saa konrodi ingetoboa ubavu wa injini ikatoka nje. Alifanya sawa kuizima." Jigmed alikunja uso. "Ila kuna kitu sikipendi. Mlio huu si wa chuma kwa chuma. Kuna kitu laini humo katikati."

Norjmaa hakuwa akimsikiliza sawasawa, kwa sababu alikuwa anakitazama kioo cha ndani. Kila kitu garini kilikuwa kinacheza isipokuwa kitu kimoja. Ile hadag ya buluu, kitambaa cha hariri chepesi kinachopeperushwa hata na pumzi ya mtoto, ilikuwa imening'inia wima juu ya kioo kama kamba ya timazi, haitikisiki.

Alinyoosha mkono, akaanza kufungua fundo.

"Afande!" Tulga alipanda ngazi ya gari kwa mshituko. "Afande, hiyo ni hadag! Ya baraka! Haiguswi!"

"Ndiyo maana hukuigusa, sajini. Umelipekua gari hili mara mbili, ukalala chini yake, ukahesabu spana, na kitu kilichokuwa mbele ya pua yako ukakiandikia 'haikuguswa'."

Fundo lilikuwa limefungwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake, katikati ya hariri, vilikuwamo vipande saba vya fedha, kila kimoja na farasi wake, na nyuma ya kila kimoja misumari mitatu midogo.

 Jigmed alizima injini.

"Kaiba," alisema Tulga mwishowe, na hata yeye hakulisema kwa furaha. Lakini alikuwa askari mwenye bidii, na bidii ni balaa pale isipohitajika. Norjmaa aliposhuka garini, sajini alikuwa tayari amepiga simu, na simu ilikuwa tayari inamsubiri.

"Hongera, kapteni!" Sauti ya Erdembileg ilijaa karakana. "Fedha imefichwa na mtuhumiwa ndani ya gari lake mwenyewe. Sasa hata kama injini ilinoki, ilinoki kwa bahati yake. Alimwona mzee hawezi kutembea, akamvua mkanda, akamwacha afe. Naandika mashtaka."

"Nipe hadi saa tisa."

"Ya nini?"

"Kwa sababu sheria imenipa hadi saa tisa," alisema Norjmaa, na safari hii yeye ndiye aliyekata.

Alisimama na vile vipande kiganjani. Mwizi huficha kitu chini ya kiti, ndani ya gurudumu la akiba, kwenye soksi. Mwizi hafungi mali ya wizi ndani ya kitambaa cha baraka na kuitundika mahali pa juu kuliko pote garini, mbele ya macho yake mwenyewe. Hivyo hufanywa na mtu anayekiheshimu kitu. Na kama vipande vipo hapa, ngozi yenyewe iko wapi? Nani anayeiba vifungo akaitupa nguo?

"Mzee Jigmed. Umesema kuna kitu laini humo ndani."

"Nilisema."

"Fungua sampu."

"Injini ni ya moto, binti yangu. Tunywe chai kwanza, ipo..."

"Mzee wangu," alisema Norjmaa, "nakuheshimu kama baba yangu, na mifugo yako yote naiombea heri. Lakini ukinitajia chai tena nitakuweka lokapu pamoja na birika."

Jigmed alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akachukua spana.

Oili iliyotoka ilimetameta, imejaa unga wa chuma. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikashuka. Fundi alilala chini, taa kichwani, akizitaja sehemu kwa sauti kama mtu anayesoma majina ya jamaa zake. Konrodi ya kwanza ilikuwa nzima. Ya tatu na ya nne zilikuwa zimechoka, ila za kuvumilika. Ikabaki ya pili. Nati mbili zililia. Mkono mweusi ukatoka chini ya gari, umeshika kofia ya konrodi ya pili.

"Njoo uone ujinga wa watu wetu," alisema. Lakini sauti yake haikuwa ya dharau.

Mahali ambapo pangekuwa na nusu beringi, kile kichuma laini kilichopinda, palikuwa na ukanda wa ngozi. Ulikuwa umeungua pembeni, umegandamizwa hadi ukawa mwembamba kama karatasi ya boksi, umeloa oili. Ila ulikuwa ngozi ya ng'ombe, hakuna wa kubisha.

"Hili jambo lilikuwa la madereva wa zamani," Jigmed alieleza huku akitoka chini. "Beringi ikikufia jangwani, unakata ngozi, unaiweka, unaenda polepole mpaka kwenye makazi ya watu. Inakupa kilomita kumi, ishirini ukiwa na bahati. Wengi walijaribu, wachache walifika. Ile beringi yenyewe iko wapi?"

"Kichuma kilichopinda," alisema Norjmaa polepole, "chakavu, kimoja, takataka." Hakumtazama sajini. Sajini alikimbia mwenyewe kukileta. Kilikuwa kimelika hadi rangi ya shaba ikatokeza, na upande mmoja hadi chuma kitupu.

Norjmaa aliufuta ule ukanda kwa kitambaa. Katikati yake palikuwa na matundu matatu madogo, pembe tatu. Alichukua kipande kimoja cha fedha, akakigeuza, akaiweka misumari yake juu ya matundu. Iliingia yote mitatu.

"Kwa hiyo aliukata mkanda wa marehemu akautia kwenye injini," alisema Tulga. "Afande, lakini bado... si angeweza kuuchukua kwa nguvu?"

Lilikuwa swali zuri, la kwanza kwa siku ile. Hilo ndilo swali ambalo Erdembileg angeuliza.

Jigmed alikuwa ameuchukua ukanda, anaugeuza chini ya taa, anaupapasa ukingoni kwa kidole gumba. "Sodov hakukata hii," alisema.

"Umejuaje?"

"Nimeendesha magari miaka arobaini. Dereva anakata ngozi kama anayekata nyama akiwa na njaa, kraa, kraa. Tazama kingo hizi. Zimepunguzwa. Kisu kimelazwa, kikavutwa kuelekea kwa mkataji, ili ukingo uwe mwembamba na usijikunje. Hivi ndivyo wanavyopunguza ngozi ya hatamu ili isimchubue farasi mdomo. Hii ni kazi ya mtu wa farasi. Na alifanya taratibu, mkono haukutetemeka."

Norjmaa alikumbuka kucha nyeusi. Mzee Zundui aliukata mkanda wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe, akiwa hai, akiwa na akili zake, kisha akashika injini pamoja na dereva.

Saa nane na dakika ishirini, Sodov aliingizwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu mpana, mashavu yamechubuliwa na baridi, na kwa mkono mmoja alishikilia joho lake lisifunguke, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa kwenye bahasha ya vitu vya mahabusu. Alipomwona Bibi Dulam amekaa pembeni aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Norjmaa hakuuliza kitu. Aliweka mezani ule ukanda uliolowa oili, na juu yake kipande kimoja cha fedha.

 Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini hawakuwahi kusema mtu aungojee mshindo huo akiwa na dakika arobaini tu.

"Sodov!" Norjmaa alipiga meza. "Siku tatu! Siku tatu nakuuliza! Ungeniambia maneno kumi ningekwenda moja kwa moja kwenye konrodi ya pili. Ulikuwa unamlinda nani?"

"Yeye," alisema Sodov bila kuinua kichwa, na wote wakajua ni mjane.

"Mimi?" Bibi Dulam alisimama.

"Ilinoki kwenye uwanda, mama, kabla ya Khadat. Upepo ulikuwa mbaya. Pale hapana jiwe, hapana mtu, ningetembea ningekufa na yeye angekufa. Nikasema kungekuwa na ngozi ningejaribu. Viatu vyetu vyote vilikuwa vya manyoya ya kondoo. Mkanda wangu mimi ni wa kitambaa." Alilikaza joho lake kifuani. "Nilitaja ngozi tu. Mdomo wangu huu! Mzee akaanza kung'oa vile vipande kwa ncha ya kisu. Nikamwambia mzee, usifungue mkanda njiani, bahati yako inatoka. Akacheka. Akasema farasi akikatika hatamu utamlilia au utashona? Tukalala chini wote wawili, yeye ndiye aliyekaza nati ya pili, mimi vidole vyangu vilikuwa vimekufa. Oili nusu iliganda kwenye ndoo, haikurudi. Tukaenda. Juu ya kipito ikaanza kugonga tena, nikazima. Pale angalau mlima unakinga upepo. Nikamwachia blanketi zote nikakimbia."

"Na hukusema," alisema Norjmaa.

"Ningesemaje? Nimwambie mjane kwamba nilimfanya mume wake avue bahati yake, nikaitia kwenye injini, halafu akafa kwa sababu hiyo? Bora niitwe mwizi." Alijifuta uso kwa mkono uliokuwa unashika joho, na joho likafunguka.

Bibi Dulam alisogea mezani. Aliuchukua ule ukanda mweusi, akaunusa, akauweka kiganjani.

"Mlikwenda kilomita ngapi nao?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Na kutoka ulipozima gari hadi kwa wachungaji?"

"Kumi na nne, mama."

Alihesabu kimya. Kila mtu wa wilaya ile angeweza kuhesabu hesabu ile: ishirini na tano kwa miguu katika upepo wa uwandani hakuna aliyewahi kuzimaliza, na bila ule mkanda hata Sodov asingerudi.

"Miaka thelathini na moja!" alilipuka ghafla, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Alikonda baada ya ile nyonga, mkanda ukawa unamshuka kila siku, nikamwomba anipe nitoboe tundu moja. Moja tu! Akaniambia mkanda wa baba yake hautobolewi na mtu. Mimi mke wake ananinyima tundu, halafu gari bovu la Sodov analipa mkanda mzima!"

Alilia akiwa amesimama, bila kujificha, na Norjmaa hakujua atazame wapi. Simu yake ilianza kutetemeka mfukoni. Erdembileg. Aliiacha itetemeke, akavuta fomu ya kumwachia mtu huru, akaandika saa: nane na dakika hamsini na moja.

"Kapteni," alisema Bibi Dulam, akijipangusa kwa ukingo wa mkono. "Mkanda wa huyu mtu uko wapi?"

"Kwenye bahasha, mama. Ni taratibu."

"Mletee. Mume wangu hakukata wake ili huyu akae mbele yangu hivi."

Sajini Tulga alikuwa amekwisha kutoka kwenda kuuleta, bila kuambiwa.